King'ora Kilichowaita Watu Motoni

Marahaba, marahaba, vijana wa umeme, inatosha, kaeni. Niliwaona jana pale Pasiansi mkigawa kofia na fulana zimeandikwa "Sisi ni Jirani Mwema". Kofia nilichukua, kipara changu hakina ugomvi na vya bure. Ila njiani nilicheka peke yangu mpaka kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mzee, uko salama kweli?" Niko salama. Nimefanya kazi kituo cha umeme tangu nina nywele mpaka zikaisha, na habari ya ujirani nilifundishwa siku ambayo majirani zetu nusura waungue mbele ya macho yangu, mama Neema akiwa mstari wa mbele na ndoo yake. Mama Neema ni mke wangu. Sasa mtanielewa kwa nini kofia zenu zinanichekesha.

Kituo chetu kilikuwa kando ya ziwa, kimebanwa kati ya maji na mlima wa mawe. Mitambo ya dizeli, si hii ya kisasa mnayoonyeshwa kwenye simu. Kilipojengwa hapakuwa na watu, baadaye watu wakaja, wakajenga mpaka ukuta wetu ukawa ukuta wa jikoni za watu. Ukipanda ngazi ya tangi la mafuta unamwona nani kapika samaki na nani kalalia uji. Mimi nilianza kwa kupanga chumba upande wa pili wa ukuta huo, nikaoa hukohuko, nikajenga hukohuko. Usiku injini zikizimwa kwa matengenezo nilikuwa sipati usingizi.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Bwire, Mjita wa upande wa Majita, mfupi, mkali, mdomo wake haupumziki. Kila zamu ikianza hakuniruhusu kushika spana mpaka nimezunguka ukuta kwa nje. "Masanja, humu ndani injini zote zinapiga kelele moja. Nenda kasimame kwa waanika dagaa, halafu uje uniambie umesikia nini." Nilidhani ananisumbua tu. Lakini ni kweli, ukuta unakata kelele ndogondogo, unakuachia mdundo peke yake, na mdundo ukichechemea unajua kuna silinda haichomi sawasawa. Alinifundisha pia kupima joto la bomba kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kiganja kikiungua, kesho unashikia nini spana?

Na majirani nao walisikia. Kulikuwa na bibi Nyanzala, kibanda chake kiko mlimani chini ya jiwe kubwa kuliko kituo chenyewe. Huyo alikuwa akituma salamu getini: "Waambieni mtoto wao mmoja anakohoa leo." Tunakagua injini, na mara nyingi kweli tunakuta moja inakohoa. Mzee Bwire alikuwa akimpelekea sukari sikukuu. Alipostaafu, sukari ikakoma, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Halafu akaja Injinia Upendo kuwa meneja wetu. Msinielewe vibaya, yule mama alikuwa mchapakazi, na mitambo aliijua. Aliona nyumba zilivyotubana, akaona tangi la mafuta lilivyo karibu na ukuta, akaogopa. Nani asingeogopa? Akaagiza king'ora. Kikafungwa juu ya nguzo, na karatasi zikabandikwa ofisi ya mtaa, kwenye maduka, hadi kwenye mlango wa kanisa: mkisikia king'ora, ondokeni upesi, nendeni mbali na kituo.

Mama Neema aliisoma ile karatasi akaniuliza, "Na nyie mtabaki humo ndani?"

"Sisi ndiyo kazi yetu."

"Kwa hiyo mnapiga mwano, halafu mnatuambia tusije?" Akacheka, akaenda zake kuchambua mchele.

Ninyi wengine hamkukulia huku, ngoja niwaambie. Mwano ni yowe la kuomba msaada. Kwa Wasukuma mwano ukilia unaacha ulichoshika, unabeba chochote kilicho karibu, unakimbilia kule kule unakotoka. Huulizi ni kwa nani. Huulizi mmegombana lini. Asiyekuja bila sababu, au anayefika mambo yameisha, anatozwa faini na sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, na faini hiyo huwa mnyama. Akikataa kulipa, anatengwa. Hasalimiwi, haazimwi moto, akifiwa anachimba kaburi na ndugu zake tu. Watu wamelelewa hivyo toka kwa babu zao. Sasa wewe unabandika karatasi ukutani unadhani umemaliza kazi!

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limewaka, upepo unatoka ziwani. Bomba linalopeleka dizeli kwenye injini lilikuwa limechoka kwa mtikisiko, kiungo kikapasuka, mafuta yakaruka kama mvua nyembamba juu ya bomba la moshi lililokuwa likiungua kwa joto. Nilikuwa nje, na kitu cha kwanza nilichokijua ni harufu. Kabla sijageuka, mlango wa chumba cha pampu ukatema moto. Kijana wetu Deusi akakimbilia valvu kuu ya kufungia mafuta, upande wa nyuma. Injinia Upendo mwenyewe alishika mtungi wa povu, viatu kavitupa, yuko peku. Na juu ya vichwa vyetu king'ora kikaanza.

Sikilizeni hapa vizuri. Moto wa dizeli ukimwagiwa ndoo ya maji hauzimiki, unatambaa. Maji yanazama chini, mafuta yanaelea juu yake yakiwaka, yanakwenda yanakotaka. Kutoka mlango wa pampu mpaka tangi kubwa palikuwa na sakafu tupu yenye mteremko. Mtu mmoja tu mwenye ndoo na moyo mzuri angetosha kutumaliza, sisi na mtaa mzima.

Nikatazama getini. Mungu wangu! Barabara yote ilikuwa watu wanakuja. Hawakimbii kwenda mbali, wanakuja. Wanawake na ndoo na masufuria, wanaume na makoleo, mapanga, rungu, mmoja kabeba ngazi, mwingine nyavu sijui za kumvua nani. Vijana waliokuwa wakipakia mawe kwenye lori wamelitelekeza lori. Mlinzi kafunga geti kwa mnyororo, nalo linatikiswa mpaka nguzo zinacheza.

"Rudini!" nikapaza sauti. "Rudini nyuma!" Nani anasikia? King'ora kinalia, na kadiri kinavyolia ndivyo wanavyotokea wengine kule mbali, kona baada ya kona. Nikamfuata Injinia. "Mama, kile king'ora kinawaita! Kizime!"

"Masanja, ndiyo ishara ya kuondoka!"

"Kwao ni mwano! Watazame!"

Akatazama. Niliona uso wake ulivyobadilika. Akaniashiria kwa mkono, nikakimbilia swichi, nikakizima.

Kimya kikaanguka. Na hapo, jamani, mambo yakaharibika zaidi. Mwano ukikatika ghafla kabla watu hawajafika, maana yake moja tu, aliyekuwa akipiga keshauawa. Likatoka yowe kwa ule umati ambalo mpaka leo likinijia nashika kifua. Wanawake walianza kuomboleza. Wanaume wakarudi hatua chache, wakaja kwa pamoja, na geti likalala chini na mnyororo wake.

Wa kwanza kuingia alikuwa mke wangu. Keshaamini mimi ni maiti. Ndoo imejaa, kitenge kimefungwa kiunoni, macho yako kwenye ule mlango wa pampu tu. Nilikimbia, sijawahi kukimbia hivyo tangu nizaliwe, nikamwita jina lake la usichana ambalo sikuwa nimelitumia miaka mingi. Hakusikia. Akanyanyua ndoo. Nikaifikia nikaipiga teke, maji yakamwagika huku upande wa ukuta, ndoo ikagonga chini ikapasuka.

Akanitazama. Furaha ya kuniona hai ilikaa kidogo tu. "Masanja, una wazimu? Nyumba inaungua unanimwagia maji?"

Na nyuma yake watu wameona mwanamume kampiga teke mkewe, ndivyo walivyoona, mbele ya moto. Mmoja kanikaba ovaroli. Wengine wananipita na ndoo zao. Nikajua tunakufa wote hapa, kwa sababu watu wametupenda.

Ndipo nikamwona Ngassa. Huyu ndiye alikuwa kamanda wa sungusungu, mtoto wa bibi Nyanzala, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni. Nikakumbuka jambo ambalo karatasi zetu hazikuwa nalo. Watu wakishafika kwenye mwano, mwenye kaya anasema lililomsibu, kisha kamanda anaamuru, na akishaamuru hakuna wa kubisha. Nikamwambia yule aliyenikaba, "Niache niseme, mwenye kaya ni mimi." Akaniachia. Palepale.

"Kamanda! Moto huu ni wa mafuta. Maji yanaueneza. Nataka mchanga, lile rundo la mafundi ujenzi pale ukutani, na watu wa makoleo tu. Wengine wakawatoe wazee na watoto kwenye nyumba za upande huu unakokwenda moshi."

Ngassa hakuuliza swali. Akapiga filimbi. Watu wote wale, na ndoo zao hewani, wakachuchumaa! Nimeona mengi kazini, lakini lile sijaona tena. Akapiga ya pili, akanyoosha mkono, makundi yakagawanyika. Mchanga ukaanza kuja, mkono kwa mkono, karai kwa karai, tukajenga tuta kati ya mlango na tangi. Moto ulilamba lile tuta, nywele za mikono yetu ziliungua. Kisha Deusi akapiga kelele kutoka nyuma, valvu imefunga. Ukapungua. Injinia akamalizia na povu, akakaa chini kwenye matope akalia mbele za watu, na hakuna aliyemcheka.

Hakufa mtu. Nyumbani mama Neema alinionyesha pindo la kitenge lililoungua. "Nilikuja kuchukua maiti yako," akasema, "na wewe unanivunjia ndoo." Nikamnunulia nyingine, bado anaidharau.

Mngedhani mambo yaliishia kwa furaha. Wapi! Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Injinia Upendo akasimama, akashukuru vizuri, kisha akasema kwamba siku nyingine wasithubutu kuja, geti jipya litakuwa la chuma kizito, na akaeleza tena habari ya kuondoka.

Ngassa akainuka. "Mama Injinia, mkipiga tutakuja. Kutokuja hatujui kunafanywaje. Tufundisheni tu tukifika tufanye nini, hilo tutajifunza." Watu wakaitikia. "Lakini na mimi nina swali moja. Siku tukipiga sisi, mtakuja?"

Injinia alikuwa mtu mkweli, na ukweli ule ulituponza. "Watumishi hawaruhusiwi kuacha kituo wakati wa zamu," akasema. "Taratibu haziruhusu. Siwezi kuwaahidi uongo."

Kisha mmoja akainuka, na wa pili, wakaondoka wote bila kufunga mkutano kwa sala. Huku kwetu hiyo si dharau ndogo.

Kuanzia hapo tukaishi vibaya. Geti la chuma likaja. Mama aliyekuwa akituletea chai na vitumbua akahamia kwa mafundi wa barabara. Kijana wetu Deusi alifiwa na shangazi yake pale mtaani, mazishi yakawa ya watu wachache mpaka nikaona aibu kuinua uso. Bibi Nyanzala hakutuma tena salamu. Mimi nilikuwa na hali mbaya kuliko wote, maana ninyi mkigombana na majirani mnarudi kwenu Mirongo mnalala, mimi nalala nao. Mama Neema alikuwa akiniwekea chakula na kunitazama nikila. Siku moja akauliza taratibu, "Hivi wewe, mwano ukilia uko zamu, utakuja?" Nikasema chakula kina chumvi. Akatoa sahani.

Mnaona nilipokuwa? Nikibaki getini, nimemaliza ujirani na labda ndoa. Nikitoka, nimemaliza kazi. Nilianza kuogopa kila kelele iliyotoka mlimani, hata ya jogoo.

Ikaja masika, mvua ikapiga mpaka udongo wa mlimani ukawa uji. Asubuhi moja, tumekwisha kupokea zamu, tukausikia. Mwano. Sauti ya mwanamke kwanza, halafu filimbi, halafu mlima wote. Tulitoka nje tukatazama juu. Lile jiwe kubwa lilikuwa limeshuka kidogo kutoka mahali pake, na kibanda chini yake hakionekani vizuri. Ni kwa bibi Nyanzala.

Watu walikuwa wakipita mbele ya geti letu wanapanda mlimani. Hakuna aliyetupigia kelele. Hakuna hata aliyegeuza kichwa kutazama kama tunatoka, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Mama Neema alipita na jembe begani. Yeye aligeuka, akanitazama mara moja tu.

Nikavua kofia ngumu nikamkabidhi mlinzi. "Fungua."

"Fundi, kufungua siwezi bila bosi."

"Fungua, nitajibu mimi."

Injinia Upendo akatoka ofisini. Akasimama kati ya geti na mimi, mkononi ana simu lakini hampigii mtu. Akatazama mlimani. Tulisimama hivyo, filimbi zinalia, nami nahesabu pumzi za yule bibi kichwani mwangu. "Masanja," akasema mwishowe, "mitambo ikiwa imetulia hivi, inaweza kusimamiwa na wangapi?"

"Na wachache, mama, kama wako macho."

"Deusi na wa chumba cha kuongozea mitambo wabaki. Wengine chukueni jeki zote. Zile za kunyanyulia injini. Na magogo." Akaanza kukunja suruali. "Haraka basi! Mnaningoja nini?"

Tulipofika juu tulikuta balaa. Jiwe limeegemea paa, bibi yuko chini, mguu umebanwa na boriti, anaongea lakini sauti inapungua. Vijana wanasukuma jiwe kwa miti, likisogea hivi linarudi vile, na kila likirudi paa linalia. Ngassa mwenyewe kapiga magoti karibu na mama yake, filimbi imemning'inia mdomoni hawezi kuipiga. Akatuona. Ovaroli za bluu, jeki mabegani, meneja anahema nyuma. Akatupisha.

Kazi ile ni ileile ya kunyanyua injini, vijana, ishikeni. Unanyanyua kidogo, unaweka gogo. Unanyanyua kidogo, unaweka gogo. Hutaki sifa, hutaki haraka, na hupeleki mkono mahali ambapo gogo halijafika. Tope lilikuwa likizamisha jeki, tukaweka mlango wa bibi chini yake. Jiwe likatoa mlio, nami nikasema moyoni Bwana nisaidie. Halikurudi. Ngassa akapata nguvu, akawa anapiga filimbi moja kwa kila mnyanyuo, tukawa tunamfuata yeye. Mama Neema na wanawake wenzake wakachimba chini kwa majembe mpaka mguu ukaachia.

Bibi akatolewa, mguu umevunjika, tope mpaka kwenye nyusi. Akafungua jicho akaziona ovaroli. "Yule mtoto wenu," akasema, "tangu wiki iliyopita anakohoa, na mimi nilikuwa nimenuna."

Bibi alipokwisha kupelekwa hospitali, Ngassa akapiga filimbi, watu wakachuchumaa. Ndiyo desturi, mwano hauvunjwi hivihivi, lazima kamanda aseme neno la mwisho. Akashukuru. Akataja waliofika kwanza. Kisha akatugeukia sisi, uso mkavu.

"Wa kituo mmefika mwisho. Watu wote walikuwa wamekuja, nyie mlikuwa bado getini kwenu, tuliwaona. Faini ni mbuzi."

Loo! Injinia Upendo aliiva uso. Alikuwa na tope hadi magotini, mikono inavuja damu, ameweka kazi yake rehani, anaambiwa mbuzi. Akafungua mdomo kujibu. Mimi nilitaka ardhi inimeze.

Mama Neema akasogea taratibu, akamshika mkono. Anacheka na machozi yanamtoka. "Mama Injinia, usikasirike. Mgeni hatozwi faini. Mgeni akichelewa anaambiwa pole kwa safari."

Injinia akamtazama. Akawatazama wale watu wote waliochuchumaa kwenye tope, wanamngoja. Akajifuta uso kwa mkono wenye matope, ndiyo akazidi kujipaka.

"Dume au jike?" akauliza.